Kazi ya kwanza inapokuboa: jua tatizo liko wapi kabla hujaandika barua ya kuacha

Mwezi wa kwanza hupita haraka: kitambulisho kipya, majina ya kukariri, mshahara wa kwanza. Mwezi wa tatu mambo hubadilika. Unafika saa 2 asubuhi, saa 4 umeshamaliza ulichopewa, na kuanzia hapo unahesabu saa hadi jioni. Ukilisema nyumbani unajibiwa, "Wenzako wanazunguka na bahasha, wewe unalalamika?" Unanyamaza, lakini swali linabaki pale pale: hivi ndicho nilichosomea?

Tunaomba usijione mkosefu kwa kuuliza hivyo. Mtu anaweza kushukuru kwa dhati kuwa ana kazi na bado akaumia kukaa kutwa nzima bila cha maana mkononi. Hapa tunaeleza namna ya kulishughulikia jambo hili hatua kwa hatua. Mifano mingi ni ya ofisi ya uhasibu Tanzania Bara, maana kazi zake zinahesabika na ni rahisi kuzionyesha, lakini utaratibu ni ule ule kwa aliye stoo, benki, shuleni au kwenye shirika.

Daftari la siku 10

"Kazi inaniboa" ni jina moja linalobeba mambo manne au matano, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya jingine. Anayekwama kwa kusubiri saini za watu, ukimwongezea kazi atakwama zaidi. Anayerudia vocha (hati za malipo) zile zile tangu Januari, likizo haitamsaidia. Akirudi atazikuta mezani. Ndiyo maana kupima kunatangulia.

Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni. Ukurasa mmoja kwa kila siku ya kazi, kwa siku 10. Kila saa inapoisha, andika mstari mmoja: saa, ulichofanya, na herufi moja. M ni kazi mpya, ambayo ilibidi ufikiri au uulize. R ni kazi ya kurudia. S ni kusubiri mtu au kitu. T ni tupu, yaani hukuwa na kazi yoyote. P ni saa iliyopotelea kwenye simu. Saa ikiwa na mchanganyiko, weka herufi ya kilichochukua sehemu kubwa. Ukurasa huonekana hivi:

Jumanne. Saa 3, vocha 41 kuingizwa, R. Saa 4, vocha zimeisha, R. Saa 5, hundi mbili zinasubiri saini ya meneja, S. Saa 6, meneja yuko kikaoni, S. Saa 8, T. Saa 9, nimeonyeshwa taarifa ya wadaiwa, M. Saa 10, P. Saa 11, hundi zimesainiwa, nimezipeleka, R.

Siku 10 za saa 8 ni saa 80. Zijumlishe. Tuseme umepata R 31, S 22, T 14, P 8, M 5. Ulikuwa unadhani kazi ni ngumu kwa moyo kwa sababu hujaipenda fani, kumbe saa 22, zaidi ya robo ya muda wako, zinaliwa na saini na nywila za watu wengine.

Zoezi hili huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Ya kwanza ni kuandika jioni kwa kukumbuka. Jioni ukiwa umechoka kila saa huonekana R. Ya pili ni kuandika kwenye simu, maana ukiifungua kuandika mstari mmoja unakutana na ujumbe 14. Ya tatu ni kuchagua wiki mbili za kufunga hesabu, ambazo hazifanani na wiki nyingine. Na usiandike majina ya watu wala maoni yako juu yao. Daftari likisahaulika mezani, liwe ni orodha ya kazi tu.

Ukikuta S ni nyingi

Rudi kwenye mistari ya S na uandike pembeni kinachosubiriwa: saini, risiti, nywila, gari, jibu la barua pepe. Mara nyingi utakuta vyanzo viwili au vitatu vinabeba karibu S zote. Kama ni saini, jua mwenye kusaini anapatikana saa ngapi, kisha sogeza kazi zako nyuma ya saa hiyo. Meneja anayeingia vikaoni saa 5 anatakiwa kuzikuta hundi mezani saa 3, zikiwa na viambatisho vyote: ombi lililoidhinishwa, ankara, hati ya kupokea mzigo. Hundi hurudishwa bila saini kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, na hapo unakuwa umepoteza siku.

Risiti zikiwa ndizo zinachelewa, kumbusha asubuhi, kwa ujumbe mmoja wenye tarehe na kiasi: "Kaka, naomba risiti ya mafuta ya tarehe 12, sh. 85,000, nifunge vocha leo." Ujumbe wa "naomba zile risiti" hausaidii, kwa sababu mwenzako hakumbuki ni zipi.

Ukikuta R ni nyingi

Hapa tutakaa kidogo, maana ndiko waanzaji wengi walipo, na ndiko kuna vya kufanya bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kazi ya kurudia huchosha zaidi pale usipojua karatasi imetoka wapi na inakwenda wapi baada yako. Chukua karatasi moja tu, ifuatilie mwanzo hadi mwisho. Chukua risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya sh. 118,000 ya vifaa vya ofisi. Ndani yake kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, sh. 18,000. Kampuni iliyosajiliwa VAT inaweza kuitoa hiyo 18,000 kwenye kodi inayodaiwa, mradi risiti ni halali na imetolewa kwa jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni. Dereva akileta risiti isiyo na TIN ya kampuni nawe ukaipokea ukiwaza mambo mengine, kampuni inaweza kuipoteza 18,000 hiyo. Zikiwa risiti kama hizo 20 kwa mwezi, ni sh. 360,000. Ukishaliona hilo, kupanga vocha si kupanga karatasi tena. Wewe ndiye unayelinda mlango.

Ukishajua njia ya karatasi, anza kuhesabu mambo mawili: muda na makosa. Vocha 41 zimechukua dakika ngapi, na ngapi zimerudishwa? Andika kila Ijumaa. Chuoni ulikuwa na alama za mtihani za kukuonyesha kama unasogea. Kazini hakuna anayekupa alama, na sehemu ya uchovu huu ni kukosa kujua kama umeongezeka. Makosa yakishuka kutoka 6 hadi 1 kwa wiki, umeongezeka.

Kisha jifunze hatua inayofuata juu yako. Kwa anayeingiza vocha, mara nyingi ni kulinganisha daftari la benki linaloandikwa ofisini na taarifa inayotoka benki. Omba kumwona anayefanya, mwezi mmoja, ukiwa kimya pembeni. Utamwona akitafuta hundi zilizotolewa lakini hazijapelekwa benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa kwenye daftari, na pesa zilizoingia ambazo ofisi haikuwa na habari nazo. Tofauti ikibaki, jaribu kuigawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku kwamba kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: aliyeandika 540,000 badala ya 450,000 ameacha tofauti ya 90,000, na 90,000 kwa 9 ni 10,000 kamili. Isipogawanyika, igawe kwa 2, kisha utafute kiasi hicho kwenye daftari. Huenda kimeingizwa upande usio wake, kikahesabika mara mbili. Njia hizi hazikupi jibu kila mara, ila hukuambia uanzie wapi, na mtu anayezijua huonekana mapema.

Tahadhari moja. Ukiona safu ya Excel ambayo kwako haina kazi, usiifute. Huenda mkaguzi wa nje huitumia mara moja kwa mwaka. Tengeneza nakala, fanya jaribio lako humo, linganisha jumla ya zamani na mpya, ndipo umwonyeshe msimamizi.

Ukikuta T ni nyingi

Saa tupu hutokea kwa sababu ambayo mwanzaji haioni. Msimamizi wako anajua kwamba kukueleza kazi kutamchukua saa moja, na akiifanya mwenyewe itamchukua dakika 20. Siku akiwa na shughuli nyingi atachagua dakika 20. Hajakudharau. Unachotakiwa ni kumpunguzia ile saa moja ya maelezo.

Kwa hiyo usiende na "Bosi, kuna kazi?" Hilo linamtaka aache alichoshika aanze kukutafutia kazi, na atakujibu, "Subiri kidogo." Nenda na kazi uliyoiona mwenyewe: "Bosi, faili la vocha za Januari hadi Machi halijapangwa kwa namba. Naweza kulimaliza kufikia Ijumaa mchana. Nianze?" Hapo anahitaji kusema ndiyo tu.

Kazi za namna hiyo zipo karibu kila ofisi. Kuna orodha ya wazabuni ambayo nusu ya TIN hazimo. Kuna daftari la mali ambalo halijalinganishwa na vitu vyenyewe, lina kompyuta zisizoonekana na lina viti vilivyoshakufa. Kuna wadaiwa ambao hakuna anayejua wamechelewa siku 30, 60 au 90. Chagua moja, weka tarehe ya kumaliza, na uimalize tarehe hiyo hata kama hakuna aliyeuliza. Ukianza tatu usimalize hata moja, umejifungia mlango.

P tutaipitia haraka. Simu iweke kwenye droo, sauti ikiwa wazi kwa namba za nyumbani tu. Mara nyingi P hupungua yenyewe S na T zikitibiwa.

Usihukumu kabla ya kuona mzunguko

Kazi ina misimu kama shamba. Ofisi ya uhasibu huwa na joto mwanzoni mwa mwezi, maana PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) ya mwezi uliopita inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 7. Hutulia, kisha hupata joto tena kuelekea tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani ya VAT. Halafu inakuja kufunga mwezi. Mara moja kwa mwaka wanakuja wakaguzi, na kuna kuhesabu stoo. Aliyeanza kazi katikati ya utulivu anaweza kudhani maisha yote ni hivyo. Ona ufungaji wa mwezi mara tatu na, ikiwezekana, ukaguzi mmoja, ndipo useme unaijua kazi. Chora misimu hiyo kwenye kalenda, kisha siku tulivu zitengee yale mafaili ya T.

"Sijui kama niko mahali sahihi"

Kutokuwa na uhakika ni jambo tofauti na kuboreka, ingawa huja pamoja. Kwanza tenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya: je, tatizo ni kazi hizi ninazopewa, ni mahali hapa na watu wake, au ni fani yenyewe? Jaribu kufikiri hivi: kazi hizi hizi, ila kwa watu wengine. Ukipumua, tatizo ni mahali. Watu hawa hawa, ila kazi ngumu zaidi. Ukichangamka, tatizo ni ngazi, na ngazi hupandwa.

Swali la fani huwezi kulijibu ukiwa peke yako kitandani usiku. Mtafute mtu aliye mbele yako kwa miaka minne au mitano kwenye kazi hiyo hiyo, msalimie kwa heshima yake, uombe dakika 20 wakati wa chakula. Usimuulize "kazi ikoje?" Atakujibu "tunamshukuru Mungu." Muulize: Jumanne iliyopita ulifanya nini, saa kwa saa? Ni kazi gani unaifanya sasa ambayo mwaka wa kwanza hukuruhusiwa? Ni nini kilikuvusha? Ukifanya hivyo kwa watu watatu utakuwa na picha. Kama Jumanne zao zinakuvutia, uchovu wa leo ni nauli. Kama zote tatu zinakukatisha tamaa, umejifunza jambo kubwa mapema, nalo linastahili kuheshimiwa.

Usijisajili mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) wala shahada ya pili kwa ajili ya kukimbia uchovu. Jisajili ukishaona kwamba Jumanne ya mwenye CPA, yaani mhasibu aliyefaulu mitihani hiyo, ndiyo unayoitaka. Mitihani ya Mei na Novemba inataka jioni nyingi, na mtu asiyejua anasomea nini huacha njiani akiwa ameshalipa ada.

Kingine kinachovuruga uhakika ni mishahara ya wenzako. Ukimsikia rafiki akitaja mshahara wake, jua anataja upi. Kwa viwango vya mwaka 2024, mshahara wa sh. 800,000 wenye mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 unakatwa 80,000; inabaki 720,000 ya kutozwa PAYE, ambayo ni 60,000; na aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Mkononi zinafika 540,000. Mwenzako asiye na mkopo anapata 660,000 kwa mshahara ule ule. Linganisha salari slipu, usilinganishe maneno.

Kuzungumza na msimamizi

Fanya hivi baada ya daftari la siku 10 na angalau kazi moja ya T iliyokamilika, na mapema kabla kipindi cha majaribio hakijaisha. Epuka saa za kufunga hesabu na Jumatatu asubuhi. Omba nafasi siku moja kabla: "Bosi, naomba dakika kumi kesho ukipata nafasi. Ni jambo la kikazi." Usiposema ni la kikazi atadhani unataka kuomba salari advansi au kuacha kazi.

Neno "naboreka" liache nje. Yeye aliifanya kazi hiyo hiyo miaka mingi, na atasikia dharau ambayo hukuikusudia. Ingia na ukurasa mmoja: ninachofanya sasa, nilichomaliza, muda nilio nao kwa wiki, na kitu kimoja ninachoomba kujifunza. Kimoja. "Naomba mwezi huu nikae pembeni ya anayelinganisha benki, na mwezi ujao nifanye akaunti moja ndogo, yeye aikague." Ombi la "majukumu zaidi" halina pa kushika.

Mara nyingi atakubali, kisha atasahau. Jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe ya mistari mitatu: asante, tulichokubaliana, tarehe. Hatari nyingine ni kwamba ukishajulikana una nafasi, kila meza italeta ya kwake. Ikifika hapo uliza: "Hizi tatu zote ni za leo, ianze ipi?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na zaidi ya hapo ni ovataimu.

Kuna hali moja ambayo mbinu hizi zote hazitaitibu. Kama hata Jumamosi huna hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi umevurugika na imepita zaidi ya wiki mbili, huenda kuna kinachokuumiza zaidi ya kazi. Nenda hospitali ukamwone daktari, umweleze hivyo hivyo. Tafadhali usilichelewe hilo.

Kama kuondoka ndiko sahihi

Zipo sababu ambazo hazihitaji daftari: huna mkataba wa maandishi na kila ukiuomba unazungushwa, unakatwa NSSF lakini michango haionekani kwenye akaunti yako, unaambiwa usaini malipo ambayo hukuyaona, unasumbuliwa kimwili au kwa maneno. Hapo anza kujipanga leo.

Piga hesabu kwanza. Kwa 540,000 mkononi, tuseme kodi ya chumba, chakula, nauli na kinachokwenda nyumbani ni 420,000 kwa mwezi. Akiba ya miezi mitatu ni 1,260,000. Ukiweka 70,000 kwa mwezi itakuchukua miezi 18. Kwa wengi, basi, njia salama ni kutafuta kazi nyingine ukiwa bado kazini.

Soma mkataba wako kuhusu notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28 angalau, ila ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Kumbuka pia kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6. Ndani ya muda huo usitishie kuondoka kama hujajiandaa kuondoka kweli.

Wiki ya mwisho andika makabidhiano: kila kazi yako, inafanyika tarehe ngapi, faili liko wapi, nini kimebaki katikati, nani anasubiriwa. Saini wewe, asaini anayepokea, kila mmoja abaki na nakala. Nywila zibadilishwe mbele yako, tarehe iandikwe. Kisha omba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa, na kabla hujatoka mlangoni soma tarehe za kuanza na kumaliza zilizoandikwa humo, maana kosa hapo huwa gumu kurekebisha ukiwa umeshaondoka.